Inveta ilikuwa inasema ukweli, mi ndo nilikuwa sielewi

Mlio wenyewe wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri za lori uwe kama wa nyumbani, ni tiiiiiii, mrefu, haukati, na unakuja ule muda ambao injini imezimwa, mapazia ya kebini yameshushwa na jagi la umeme ndo kwanza limeanza kuguna. Sekunde kama ishirini hivi alafu tap, taa ya kijani inageuka nyekundu, jagi kimya, na dogo kutoka kitanda cha juu anasema kwa sauti ya usingizi "suka, limelia tena hilo". Kama sikusikia vile.

Wiki mbili nzima ilikuwa hivo. Simu inachaji vizuri, laptopu inachaji vizuri, taa inawaka usiku kucha hakuna neno, lakini chomeka jagi tu inveta inalia kama imekanyagwa mkia. Na mi nikajiaminisha kwamba inveta ni mbovu, mana nilikuwa na ushahidi bwana, nilishapima betri! Nilifungua boksi la betri, nikaweka mita ya kupimia volti, ikasoma 25.1. Lori langu ni volti 24, yani betri mbili za 12 zimefungwa mfululizo, na betri mbili zilizotulia zikiwa zimejaa kabisa zinasoma kama 25.4 mpaka 25.6 hivi, zikiwa nusu ni 24.4 kwa makadirio. Kwaiyo 25.1 ni nzuri tu, betri ziko sawa, alteneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka) iko sawa, kilichobaki ni nini? Inveta. Hesabu imefunga.

Basi nikanunua nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa ya wati 1500, nikasema ngoja nichukue ya 2000 kabisa nimalize kesi. Nikaitoa ya zamani nikafunga mpya palepale, kwenye waya zilezile, nikachomeka jagi nikakaa pembeni nimekunja mikono.

Tiiiiiii.

We acha tu. Yani nilibaki naiangalia. Dogo akacheka mpaka akashuka kitandani.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho nilitakiwa nikijue tangu mwanzo, mana hata kwenye kile kikaratasi kinachokuja na inveta kimeandikwa, ila nani anasoma. Inveta haijui betri yako ina volti ngapi. Inachojua ni volti zilizofika kwenye tamino zake yenyewe, pale waya zinapofungwa, basi. Inveta nyingi za 24 zikiona volti zimeshuka kwenye 21 hivi zinaanza kulia, zikifika 20 zinajizima zenyewe ili zisiue betri (za 12 gawa kwa mbili, inalia kwenye 10.5 na kuzima kwenye 10). Kwaiyo ule mlio haumaanishi "mi mbovu". Unamaanisha "huku nilipo hakuna umeme wa kutosha". Na kati ya boksi la betri nilipopimia na inveta iliyoko nyuma ya siti kuna mita kadhaa za waya, fyuzi, bolti, na mambo mengine ambayo ntayasema hapa chini ambayo yalinitia aibu kidogo.

Aliyenifungua akili ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, ni mtu ambaye nikimpigia simu huwa hasalimii mara mbili, anaingia moja kwa moja. Nikamweleza yote, betri nzuri, inveta mbili, mlio uleule. Akaniuliza, "Hiyo 25.1 ulipima wapi?"

"Kwenye betri mzee."

"Na jagi lilikuwa linafanya kazi?"

"Hapana, lilikuwa halijachomekwa."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, umempima mtu presha amelala, unataka kujua akipanda mlima na gunia atakuwaje?"

Akaniambia nifanye hivi: dogo ashike swichi ya jagi, mi niweke ncha za mita kwenye tamino za inveta yenyewe, nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi, alafu dogo awashe, nisome kabla haijakata. Alafu nirudi kwenye betri nifanye vilevile jagi likiwa limewaka. Niipe mita macho, nisiangalie taa za inveta.

Nikarudisha kwanza ile inveta ya zamani. Tukafanya. Kwenye betri, jagi likiwa limewaka, 23.9. Sawa, betri ikibebeshwa mzigo inashuka, hiyo kawaida. Kwenye tamino za inveta, sekunde hiyohiyo, 20.6.

Volti 3.3 zimeliwa njiani! Nilirudia mara tatu nikidhani nimesoma vibaya.

Hapa ndo ilibidi nikae chini nifanye hesabu ambayo ningeifanya siku ya kwanza ningeokoa vingi. Jagi langu ni wati 1200. Inveta nayo inakula kidogo kwa ajili yake, sema inapoteza kama asilimia 12, kwaiyo inachota karibu wati 1360 kutoka kwenye betri. Gawanya kwa volti 21 unapata ampea 65. Sitini na tano! Watu tunaona jagi ni kitu kidogo kwasababu ukiwa nyumbani kwenye umeme wa 230 linatumia ampea 5 na waya mwembamba tu, lakini upande wa betri ni volti chache kwaiyo ampea zinapanda mara kumi na zaidi. Na mwenye lori la volti 12, kama malori mengi ya Marekani (ya Ulaya na Japani mengi ni 24), jagi hilohilo litavuta ampea 120 kwenda juu. Simu inavuta hata ampea moja haifiki, ndo mana simu na taa hazikuwa na shida yoyote, haziwezi kuonyesha ugonjwa. Mzigo mdogo unaficha kila kitu.

Sasa waya wangu. Fundi aliyenifungia (simtaji, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya, alikuwa na haraka) aliweka waya wa milimita 6 za mraba. Ukiushika unauona mnene, una ganda zito, unaaminika. Lakini shaba ya milimita 6 ina ukinzani wa karibu miliomu 2.9 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu) kila mita, na kutoka boksi la betri kupanda mpaka nyuma ya siti yangu ni mita 4. Ampea 65 zikipita hapo zinaacha volti 0.75 njiani kwa upande mmoja tu. Tena waya wa saizi hiyo ukibebeshwa ampea 65 mfululizo unapata moto, ungeniuliza ningekwambia nimebahatika tu jagi lilikuwa linakata mapema.

Lakini 0.75 sio 3.3. Zingine zimeenda wapi?

Mzee akaniambia nizitafute moja moja, na hii ndo sehemu naipenda mpaka leo, mana nilikuwa na mita miaka yote sijawahi kujua inaweza kutumika hivi. Unaacha mzigo umewaka, unaweka mita kwenye volti za DC, alafu ncha moja unaweka mwanzo wa njia na nyingine mwisho wa njia ileile. Sio chanya na hasi. Chanya na chanya! Ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye tamino ya chanya ya inveta. Kama njia ni safi mita inasoma karibu sifuri. Ikisoma kitu, hicho kitu ndo kinachopotea. Alafu unasogeza ncha kidogo kidogo, kutoka nguzo ya betri kwenda kwenye lagi (kile kichwa cha chuma mwisho wa waya), kutoka lagi kwenda upande wa pili wa fyuzi, ukifika mahali namba imeruka ghafla umeshampata mwizi. Waya wa mita ukiwa mfupi unaunganishia kipande chochote cha waya, haijalishi wembamba, mana mita haivuti umeme wa maana.

Upande wa chanya nikapata 1.3. Ile 0.75 ya waya, na iliyobaki iko kwenye kishikio cha fyuzi na lagi moja iliyokuwa imebanwa kwa nyundo, unaona kabisa alama ya nyundo, ukiushika waya ukauzungusha unazunguka ndani ya lagi kama kidole kwenye pete iliyolegea.

Upande wa hasi nikapata 2.0.

Hapo ndo nikafuata waya mweusi kwa mkono, nikitegemea utanipeleka kwenye boksi la betri. Haukunipeleka. Ulikuwa na urefu wa mita moja tu, umeishia kwenye bolti ya siti. Bolti ya siti jamani! Fundi alitoa bolti, akaweka lagi, akarudisha bolti, juu ya rangi. Yani ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) ya inveta ya wati 1500 ilikuwa inapita kwenye nyuzi za bolti moja iliyozungukwa na rangi. Nikaweka ncha moja kwenye lagi na nyingine nikakwangua chuma cha kebini pembeni kabisa mpaka kikang'aa: 0.9. Nikazima, nikagusa kichwa cha bolti kwa mgongo wa kidole, nikautoa haraka. Volti 0.9 mara ampea 65 ni karibu wati 58, zote zinaishia kwenye kitu cha ukubwa wa kidole gumba, shika balbu ya zamani ya wati 60 uone.

Na haikuishia hapo. Kebini ya lori haijakaa moja kwa moja juu ya chesi, imekaa kwenye raba na springi ili isikutikise, na raba haipitishi umeme, kwaiyo kinachounganisha kebini na chesi kwa upande wa ethi ni mkanda wa waya za kusukwa, uko chini huko karibu na bawaba za kunyanyulia kebini, unakula tope na maji miaka yote. Wangu ulikuwa wa kijani. Nyuzi nusu zimekatika, zilizobaki zimeliwa na kutu ya shaba. Mita ikasoma 0.9 nyingine kutoka kebini mpaka chesi. Ukijumlisha na 0.2 ya kile kipande cha waya mweusi, mbili kamili. Hakuwa mwizi mmoja, lilikuwa genge.

Sasa hapa naomba niseme maoni yangu na anayebisha abishe: kwenye inveta kubwa usitumie bodi ya gari kama ethi. Najua kila kitu kwenye gari kinarudi kwa bodi, taa, honi, waipa, na kwa vitu vidogo ni sawa tu. Lakini ampea 60, 80, 100 zipite kwenye mikanda na bolti ambazo aliyetengeneza lori alizikadiria kwa taa za kebini na redio, hapana. Peleka waya mweusi mpaka betri, unene uleule wa mwekundu. Na kama lori lako lina swichi kuu ya kukata betri, angalia inakata upande gani kabla hujaunganisha chochote, mana ukiunganisha upande wa betri, kabla ya swichi, umejitengenezea gari ambalo ukidhani umekata umeme wote kumbe haujakata. Kwa malori ya kubeba mafuta na vitu vya kulipuka mi hata sikushauri ufanye mwenyewe, yale yana taratibu zake, mwache mwenye kazi yake.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja. Nikanunua waya wa milimita 35, mwekundu na mweusi, ule wenye nyuzi nyingi nyembamba unaojikunja vizuri, njia mpya ikawa mita 5 mana nilitaka niupitishe sehemu ya heshima. Shaba ya 35 ukinzani wake ni nusu miliomu tu kwa mita. Lagi zikabanwa kwa mashine ya haidroliki, sina ya kwangu, niliazima, na ukitaka kujua imebana vizuri vuta kwa nguvu zako zote, ikitoka ilikuwa inatoka tu siku moja ukiwa umelala. Fyuzi ya ampea 125 nikaiweka karibu kabisa na betri, shubiri moja na nusu kutoka kwenye nguzo. Watu wengi wanaweka fyuzi karibu na inveta kwasababu ni rahisi kuifikia, lakini fyuzi hailindi inveta, inalinda waya. Waya ukichubuka ukagusa chesi katikati ya njia, fyuzi iliyoko mwisho wa njia itakaa inaangalia tu wakati gari linaungua. Betri mbili za lori zikipigwa shoti hazitoi cheche, zinatoa moto wa kuchomelea.

Sehemu iliyotupa tabu ni pale kebini inapokunjwa. Ukipitisha waya pale bila kuuachia ulegevu, siku ya kwanza ukinyanyua kebini kuangalia injini unaung'oa, au mbaya zaidi hauuoni umechubuka. Tukaufuatisha njia ya bomba za upepo na seti ya waya za kiwandani, tukauvalisha bomba la plastiki lenye mikunjo, tukanyanyua kebini mpaka mwisho na kuishusha mara mbili dogo akiwa chini na tochi anaangalia haugusi kitu. "Suka haugusi." Sawa. "Suka ngoja, unagusa." Tukarudia.

Kabla ya yote hayo tulitoa hasi ya betri kwanza, na mwisho ndo tukairudisha. Na vua pete, vua saa ya chuma. Ukiweka spana kwenye chanya kwa bahati mbaya ikagusa chesi wakati hasi iko wazi hakuna kitu, ila hasi ikiwa bado imefungwa hiyo spana inaweza kuganda palepale. Halafu kuna cheche moja utaiona ukiunganisha inveta mara ya mwisho, inatisha, tap! na harufu kidogo, hiyo ni kapasita za ndani zinajaza tumbo, ni kawaida. Kisicho kawaida ni kugeuza chanya na hasi. Hapo hakuna cheche ya kusamehe, kuna moshi, na inveta nyingi hazirudi, ukibahatika ni fyuzi za ndani tu.

Tukachomeka jagi. Kwenye betri 23.9, kwenye inveta 23.4. Nusu volti. Jagi likachemka mpaka likajizima lenyewe, inveta ikiwa inapuliza feni yake tu. Ile ile ya wati 1500 niliyoiita mbovu. Ile ya 2000 iko ndani ya boksi lake mpaka leo, nikiiangalia roho inauma.

Na ule mkanda wa kebini niliubadilisha pia japo inveta haikuuhitaji tena, nikapiga msasa chini yake mpaka chuma kikatoka, nikafunga, nikapaka grisi juu. Waipa zikaanza kukimbia. Miaka miwili nilikuwa nadhani ni mota imechoka. Na taa za dashibodi zilizokuwa zinafifia nikiwasha indiketa, zikatulia. Hiyo nilipata bure.

Ningependa kuishia hapo lakini haikuishia hapo, mana kama wiki sita mbele mlio ulirudi. Ila sio uleule. Safari hii jagi la kwanza linachemka vizuri, la pili ndo inalia, na asubuhi lori linawaka kwa kusita. Nikafanya kama nilivofundishwa, mzigo umewaka, nikapima njia: 0.5 vilevile, njia safi. Kwenye betri zenyewe ndo volti zinateremka mbele ya macho, 23.5, 23.1, 22.6. Kwaiyo kweli safari hii ni betri.

Kitu ambacho sikuwahi kufanya ni kupima betri moja moja. Nilikuwa napima jumla tu, chanya ya hii mpaka hasi ya ile. Nikaacha zitulie masaa kadhaa nikapima kila moja: ya juu 12.7, ya chini 11.6. Jumla 24.3, namba ambayo ukiiona peke yake unasema "zimepungua kidogo, ntapiga chaji". Kumbe moja imejaa na nyingine ni maiti inayopumua. Jumla inaficha, na sina uhakika hata ile 25.1 ya siku ya kwanza ilikuwa nzuri kama nilivojiambia.

Chanzo kilikuwa redio. Redio ya volti 12 na chaja ya simu, vimechukuliwa umeme kutoka katikati, kwenye betri ya chini tu, ile ambayo hasi yake inaenda kwenye chesi. Ni njia ya mkato ambayo utaikuta kwenye malori kibao, unatoa waya kwenye daraja kati ya betri mbili unapata 12 zako, umemaliza. Lakini alteneta haijui hayo. Alteneta inaangalia jumla, inasukuma 28.2, inaridhika. Nilipopima injini ikiwa inanguruma nikakuta ya chini inapata 13.1 na ya juu inapata 15.1. Ya chini kila siku inanyonywa na kila siku haishibi, ya juu inalishwa kupita kiasi mpaka inachemka. Nikafungua vifuniko vya ile ya juu, maji yameshuka mpaka sahani za ndani zinaonekana. Zote mbili zilikuwa zinakufa, kila moja kwa ugonjwa wake.

Ilibidi nibadilishe zote mbili kwa pamoja, za aina moja umri mmoja, ukiweka mpya na mzee mfululizo mpya anazeeshwa. Redio nikaiwekea kigeuzi cha 24 kwenda 12 ambacho kinachukua kutoka kwa betri zote mbili sawa. Vipo na vifaa vya kusawazisha betri, vinafanya kazi, ila mi nikaona kutoa tatizo ni bora kuliko kulisawazisha.

Tangu dogo aanze kusimulia hii habari kila tunapopaki, watu wananiletea inveta zao, kwaiyo vingine nimevikuta kwa wengine sio kwangu. Jamaa mmoja yake inakata baada ya dakika kumi na volti ziko safi, kumbe ameifunga chini ya kitanda na blanketi limeziba feni, inajizima kwa joto, ukiipa hewa inarudi yenyewe. Mwingine yake inalia injini ikiwa inawaka, ikizimwa inanyamaza, kinyume na wote: pale inveta ilikuwa inaona volti zimepita 30, ni regulator (kidhibiti volti) ya alteneta imeachia, na hapo usikae unahangaika na inveta, shughulikia alteneta mana betri na taa zako ziko njiani kuungua. Mwenye friji analalamika friji ni wati 80 tu na inveta yake ni ya 300 lakini haiwaki, ni kwasababu kompresa ikianza inataka mara kadhaa ya zile wati, kwa sekunde moja tu, lakini hiyo sekunde ndo inaikata. Na yupo aliyekuja na mita anasema inveta inatoa 190 badala ya 230 imeibiwa volti, kumbe ni zile inveta za wimbi la ngazi ngazi na mita yake ya bei rahisi inajua kusoma wimbi laini peke yake. Inveta ilikuwa nzima. Ila kwa upande huo wa kutoa, wa 230, naomba sana, usiingize vidole wala ncha za mita kwa kubahatisha, ule umeme umetoka kwenye betri lakini unaua kama wa ukutani. Na ukiondoka siku kadhaa zima inveta kwa swichi yake, hata bila kitu kimechomekwa inaweza kula ampea nzima, ni ampea saa 24 kwa siku, hesabu mwenyewe siku nne.

Naandika hapa usiku, jagi liko nyuma ya siti linaguna, mita nimeiacha imening'inia kwenye tamino mana siku hizi siiamini kichwa changu, inasoma 23.3. Dogo amekuja kuiangalia, ameangalia jagi, ameangalia lile boksi la inveta ya 2000 chini ya kitanda.

"Suka, ile nyingine hatuuzi?"

Nimemwambia alale.